Kitako cha Milimita 12

Wapenzi wa Hemingway hawachoki kubishana kuhusu mke wa Macomber. Katika hadithi ile fupi ya 1936, inayotokea kwenye safari ya uwindaji huku kwetu Afrika Mashariki, nyati anamjia Francis Macomber, mkewe anafyatua bunduki akiwa ndani ya gari, na anayeanguka ni mume. Alimlenga nyati au alimlenga mume? Pale Mlimani, miaka yangu ya chuo, swali hilo lilitutoa jasho semina nzima, na tukaondoka nalo kwenda kula chipsi.

Hakuna aliyeuliza kuhusu bunduki zenyewe. Ajabu ni kwamba Hemingway, bahili wa maneno kama alivyokuwa, hapo hakubana. Kila mtu katika hadithi ile amepewa bunduki na kaliba yake: mume ana Springfield ya .30-06, Wilson mwindaji wa kulipwa ana .505 Gibbs kubwa ya kutisha, na mke ana Mannlicher ya 6.5. Wala hakuzitoa kichwani tu. Alikuja Tanganyika kuwinda kati ya mwishoni mwa 1933 na mwanzoni mwa 1934, yeye akiwa na Springfield yake na mkewe Pauline akiwa na Mannlicher. Kwa Hemingway kaliba ya bunduki ilikuwa tabia ya mhusika. Na kwa Kiswahili hilo wala halihitaji maelezo, maana sisi tunasema "mtu wa kaliba yake" bila hata kuwaza bunduki. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, kwao ni umbo au kalibu ya kusubia kitu, na inasemekana Wazungu nao walilichota huko huko.

Mimi sina bunduki na sijawahi kuwinda. Nimeingia kwenye habari hizi kwa sababu ya rafiki niliyesoma naye, ambaye siku hizi anaishi Montana, Marekani. Huko nyama ya kuwinda ndiyo inayojaza friza za watu kabla ya theluji kuanguka, naye ameshakuwa mwenyeji. Alinunua bunduki iliyotumika, ya risasi ya .243 Winchester, akaipiga miaka mingi, na mwaka jana fundi akamwambia mtutu umekwisha. Akanitumia orodha ya risasi saba anazoweza kuhamia, na swali moja: "Wewe mtu wa historia, hebu niambie, hizi zimetoka wapi?"

Nilidhani nitamjibu kwa dakika tano.

Kwanza tuelewane maneno. Bunduki ya kuwindia ya aina hii ina mtutu, ambao ni bomba lenye mifuo ndani inayomzungusha kichwa cha risasi kama pia ili kiende sawasawa. Nyuma ya mtutu kuna chuma cha katikati ambamo komeo linakwenda mbele na kurudi, na chini yake magazini inayobeba risasi. Mtutu umefungwa kwa skrubu kwenye chuma hicho, kwa hiyo unafunguka. Mtutu huliwa: kila risasi inapotoka, moto wa baruti unakwangua koo lake kidogo, na .243 ni mlaji mzuri maana inasukuma baruti nyingi kupitia tundu dogo. Chuma cha katikati hakiliwi hivyo. Kinaweza kuzika mitutu mitatu, minne, na mwenyewe pia.

Ndiyo maana Mmarekani mtutu wake ukiisha hatupi bunduki. Anampelekea fundi, anafunga mtutu mpya, na kwa kuwa tundu linachongwa upya, anaweza kuchagua risasi nyingine kabisa. Ana vizuizi viwili tu. Cha kwanza ni urefu: bunduki ya rafiki yangu ni ya mwili mfupi, yaani imetengenezwa kubeba risasi isiyozidi inchi 2.8 hivi, karibu milimita 71. Ile .30-06 ya Macomber haiingii humo, na .505 ya Wilson usiitaje.

Kizuizi cha pili ni kitako. Hapa sisemi kile kitako cha mbao kinachoegemea bega. Nasema kitako cha ganda la risasi, ile duara bapa ya nyuma yenye fataki katikati, ambayo komeo huikamata kwa ukucha na kuivuta nje baada ya kufyatua. Uso wa komeo umechongwa kupokea kitako cha ukubwa mmoja. Ukitaka kikubwa au kidogo zaidi, unaanza kubadilisha komeo, na gharama inapanda.

Sasa itazame orodha aliyonitumia: .243 Winchester, .260 Remington, 6.5 Creedmoor, 7mm-08 Remington, .308 Winchester, .338 Federal, .358 Winchester. Majina saba, viwanda vinne, tofauti ya zaidi ya nusu karne kati ya ya kwanza na ya mwisho. Na kitako cha zote saba ni kimoja, milimita 12 kamili, au tofauti ambayo huwezi kuiona kwa macho. Ukiacha Creedmoor, zote ni .308 iliyobanwa au kupanuliwa shingo. Ibane ipokee kichwa cha milimita 6, umepata .243. Ibane kidogo tu, umepata 7mm-08, ambayo hata jina lake linakiri: 7 iliyozaliwa na 08. Ipanue, umepata .338 na .358. Ni watoto wa mama mmoja.

Na huyo mama, .308, alizaliwa lini? Sokoni aliingia 1952. Jeshi la Marekani lilitaka risasi inayofanya karibu kazi yote ya .30-06 katika ganda fupi zaidi, ili silaha iwe fupi na askari abebe risasi nyingi. Baruti zilikuwa zimeboreka, kwa hiyo ganda la milimita 51 liliweza kufanya yaliyohitaji milimita 63 mwanzoni mwa karne. Majaribio yao ya mwanzo yalitumia ganda la .300 Savage, risasi ya kiraia ya 1920 iliyobuniwa ili bunduki fupi ya Savage iisogelee .30-06. Wawindaji walitangulia, jeshi likafuata, halafu jeshi likawarudishia wawindaji. Mwaka 1954 nchi za NATO zikaipitisha kwa jina la 7.62x51, na kwa njia hiyo ikaja mpaka kwa majirani zetu: G3 ile ambayo Wakenya wameizoea mabegani mwa polisi wao inameza ganda hilo hilo. Kitako, milimita 12.

Nikapanda ngazi nyingine. .30-06 ni ya 1906, kama jina linavyosema, na kitako chake ni milimita 12. Kwa nini? Kwa sababu Wamarekani walipigwa. Mwaka 1898, kwenye vilima vya San Juan nchini Cuba, askari wa Uhispania waliokuwa na Mauser za risasi ya 7x57 waliwatesa sana Wamarekani waliokuwa na bunduki za Krag. Wamarekani walishinda vita, lakini walirudi nyumbani na Mauser za kuzichunguza. Springfield ya 1903 iliiga Mauser kiasi kwamba serikali ya Marekani ililazimika kuilipa kampuni hiyo ya Kijerumani dola 200,000 za haki za uvumbuzi.

Na 7x57 yenyewe ilipata kitako chake kwa risasi ya jeshi la Ujerumani ya 1888. Wafaransa walikuwa wametoa Lebel mwaka 1886, bunduki ya kwanza ya jeshi kutumia baruti isiyo na moshi, na Berlin ikaingiwa na kiwewe. Tume ya kijeshi ya Kijerumani iliyokuwa ikifanya kazi Spandau ikatengeneza haraka haraka risasi ya kujibu, yenye ganda lisilo na ukingo uliotokeza, ili zisikwaruzane kwenye magazini. Ganda refu milimita 57. Kitako, milimita 12. Wale jamaa walikuwa wanawahi Wafaransa, basi. Hawakuwa na habari kwamba wanachora duara ambalo fundi wa Montana atalipima zaidi ya miaka 130 baadaye.

Hapo ndipo nilipaswa kumwandikia rafiki yangu jibu. Lakini 1888 ni mwaka ambao mtu wa pwani hii hawezi kuupita hivi hivi. Ni mwaka wa Abushiri, Pangani kukiwaka moto, Wajerumani wakitafuta njia ya kuishika nchi. Duara lile lilikuwa linakuja huku.

Lilikuja kwa masharti. Julai 1890, huko Brussels, mataifa makubwa ya Ulaya pamoja na Marekani, na Sultani wa Zanzibar akiwemo, yalitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake kuna vifungu vya silaha ambavyo havizungumzwi sana. Katika eneo la Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, kuingiza bunduki zenye mifuo na silaha zilizoboreshwa kulipigwa marufuku, isipokuwa kwa majeshi ya serikali, na kwa watu wachache waliothibitishwa kuwa hawatazigawa. Walichoweza kuruhusiwa wenyeji ni bunduki za zamani zisizo na mifuo, na baruti ya kawaida ya biashara. Sikatai kwamba bunduki na utumwa vilikuwa vimeshikana mikono. Msafara wa watumwa ulitembea na bunduki. Lakini soma tena kipimo walichokitumia. Mstari kati ya anayeruhusiwa na asiyeruhusiwa ulichorwa ndani ya mtutu, kwenye mifuo.

Gobore ni mtoto wa kifungu hicho. Babu yangu mzaa mama, kule Liwale, alikuwa nalo. Mtutu wake ulikuwa bomba la maji, na hilo si jambo la ajabu, mafundi wa vijijini wamekuwa wakiyatengeneza hivyo miaka yote. Baruti ilipimwa kwa kiganja, juu yake nyuzi za mnazi au kitambaa, kisha vipande vya nondo vilivyokatwa kwa tindo. Ganda halikuwepo, kwa hiyo kitako nacho hakikuwepo. Mama anasema siku babu akienda kuwafukuza nguruwe mashambani, watoto waliambiwa wakae nyuma ya nyumba, si kwa kuogopa nguruwe bali kwa kuogopa gobore. Kuchagua risasi, kwa babu, kulikuwa kuchagua nondo.

Mwaka 1905 fundi bunduki wa Berlin aitwaye Otto Bock alikaa na tatizo linalofanana kabisa na la rafiki yangu. Wakulima na wawindaji wa Kijerumani waliokuwa wakienda makoloni ya Afrika walihitaji bunduki inayoweza kumwangusha hata nyati au tembo. Bunduki kubwa za Kiingereza za mitutu miwili zilikuwa na bei ya shamba. Mauser ya 1898 ilikuwa rahisi na imara, lakini chuma chake cha katikati kilikuwa na urefu wake na komeo lilikuwa na uso wake wa milimita 12. Bock hakugusa chuma. Alichukua kitako kile kile, akalirefusha ganda mpaka milimita 62, akaliacha pana karibu mpaka mdomoni, na kulifunga kichwa cha kipenyo cha milimita 9.3 chenye uzito wa gramu 18.5. Risasi ya 9.3x62 ikaenea makoloni haraka, na bado inauzwa leo. Baadaye nchi kadhaa za Afrika ziliweka .375 kuwa kaliba ya chini kwa wanyama hatari, na 9.3 ikaponea chupuchupu chini ya mstari. Wawindaji wakongwe bado wanalalamikia hilo kama mashabiki wanavyolalamikia penalti.

Kama ningekuwa naandikia gazeti la wawindaji ningemsifu Bock nikaishia hapo, maana kwa ufundi ile ni kazi safi. Lakini 1905 hiyo hiyo, mwezi Julai, kule Nandete katika milima ya Wamatumbi, watu waling'oa pamba ya serikali, na vita vya Maji Maji vikaanza. Berlin mtu anapima ganda liingie kwenye Mauser ya mlowezi. Nandete watu wanajipaka maji yatakayoigeuza risasi iwe maji. Tayari tangu 1896 gavana Wissmann alikuwa ametoa amri iliyotaka leseni kwa wawindaji wa tembo na faru. Mwenye 9.3 alikuwa mwindaji. Mwenye gobore alikuwa jangili, na neno hilo bado halijabanduka.

Utasema nawaonea walowezi. Haya, tumtazame mtu mwingine. Walter Bell, Mskoti aliyejulikana kama Karamojo kwa sababu ya miaka yake Karamoja, Uganda, aliua zaidi ya tembo 1,000 kwa ajili ya pembe. Wengi wao hakuwaua kwa mizinga ya .505, aliwaua kwa ile 7x57 iliyowatesa Wamarekani Cuba, ambayo Rigby wa London waliiuza kwa jina la.275. Kichwa chake ni kidogo kuliko kidole. Siri yake ilikuwa anatomia: alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi kutoka kila pembe. Alitumia pia 6.5 Mannlicher, bunduki ya mke wa Macomber. Wawindaji wa leo humtaja Bell kila wanapotaka kuthibitisha kwamba risasi ndogo inatosha. Mimi nikimsoma naona kitu kingine pia. Huwezi kuipata elimu ya msumeno bila mafuvu mengi sana, na mwenye gobore hakuruhusiwa hata fuvu moja.

Vita vya kwanza vya dunia vilileta mzaha mchungu. Askari wengi wa jeshi la Kijerumani huku kwetu, hao askari Waafrika waliokuwa wakipigana kwa niaba ya Berlin, walianza vita mwaka 1914 na bunduki za 1871, za baruti nyeusi. Kila wakifyatua, wingu la moshi linawatangaza walipo. Duara la milimita 12 lilikuwa limetengenezwa Ujerumani miaka 26 iliyopita, na bado wengi wao hawajalifikia. Novemba 1914 wakawashinda Waingereza Tanga, na mbali na ushindi wakapata kilichowafaa zaidi: bunduki 455 na risasi 600,000. Zilikuwa .303 za Kiingereza, zenye ukingo uliotokeza, kitako tofauti kabisa. Hakuna aliyelalamika. Aprili 1915 meli ya Rubens ililetwa kuwapelekea silaha za kwao, ikazamishwa ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga, na wakakaa kuopoa risasi baharini, kuzifungua na kuzikausha moja moja. Walipoweka silaha chini Abercorn mwezi Novemba 1918, bunduki zao zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Waliyoipata ndiyo waliyoichagua.

Hili nilimwandikia rafiki yangu kwa urefu. Akajibu kwa sentensi moja: kwamba yeye hana mpango wa kuvamia Tanga, anataka elki mmoja kabla ya Desemba.

Basi turudi kwenye orodha. Elki ni mnyama wa jamii ya kulungu, lakini dume lake linazidi kilo 300, na hapo ndipo .243 inapoanza kutia shaka. Si kwamba haiui. Ni kwamba inadai kila kitu kiende sawa, umbali, pembe, pumzi yako mwenyewe, na kisipoenda sawa mnyama anatokomea porini na jeraha akafie mbali siku ya tatu. Rafiki yangu liliwahi kumtokea na anasema hakulala. Kwa hiyo .243 ilitoka.

Nitasema kidogo kuhusu .243 kabla haijaondoka, maana ina kisa kinachoonyesha kwamba mtutu una sauti kuliko ganda. Mwaka 1955 viwanda viwili vilitoa risasi za milimita 6 kwa mpigo. Winchester walibana .308 wakapata .243. Remington walibana 7x57, risasi ya Bell, wakapata .244. Kwenye karatasi .244 ilikuwa na nguvu kidogo zaidi. Lakini mifuo ya mtutu wa Remington ilizunguka mara moja kila inchi 12, polepole, ikafaa vichwa vyepesi vya kupigia wanyama wadogo. Ya Winchester ilizunguka kila inchi 10 na kutuliza vichwa vizito vya kulungu. Mnunuzi alitaka bunduki moja kwa kazi zote mbili. Remington walikuja kurekebisha mifuo, na mwaka 1963 wakabadilisha na jina, ikawa 6mm Remington, lakini soko lilishafunga mlango.

.358 na .338 zilitoka kwa sababu nyingine: ni risasi nzuri ambazo hazipo dukani. .260, ya 1997, ilitoka kwa sababu ya Creedmoor. Vichwa virefu vyembamba vya milimita 6.5 hukata upepo vizuri, ila kwenye .260 ganda ni refu mno kwa magazini ya milimita 71, kwa hiyo kichwa inabidi kisukumwe ndani kula nafasi ya baruti. Mwaka 2007 Hornady walitoa 6.5 Creedmoor, ganda fupi la milimita 49, kichwa kikakaa nje kwa raha zake, mifuo ikapewa mzunguko wa inchi 8. Walitangaza risasi na mtutu wake kama kitu kimoja tangu siku ya kwanza. Creedmoor ni jina la uwanja wa shabaha wa karne ya 19 huko Long Island, New York. Na 6.5 ni kipenyo cha Mannlicher ya 1903, ya mke wa Macomber, iliyozunguka miaka 100 na kurudi kama kitu kipya. Vijana wanaipenda kupita kiasi, wazee wanaicheka. Mimi nawaacha.

Zilibaki tatu: Creedmoor, 7mm-08 na .308.

Nilimpigia debe 7mm-08, sifichi. Imetoka 1980, kichwa chake ni cha kipenyo kile kile cha 7x57, nguvu zake ziko karibu nayo sana, na imekaa ndani ya mwili mfupi. Ni Karamoja iliyofupishwa kwa milimita sita. Teke lake begani ni la upole kuliko la .308, na binti yake wa miaka 14 anaanza kuwinda naye msimu huu. Kwa ufundi mtupu nadhani ndilo lilikuwa jibu, na bado nadhani hivyo.

Akaniuliza kama nakumbuka mwaka 2020. Wakati wa korona rafu za risasi Marekani zilikauka, watu wenye bunduki nzuri za risasi zisizo za kawaida wakakaa nazo kama fimbo. Katika mji wake mdogo kuna duka moja. Akaenda akapiga picha ya rafu na kunitumia: .308 safu nzima, Creedmoor nusu safu, 7mm-08 boksi mbili zenye vumbi. Hakuandika kitu chini ya picha.

Amechagua .308. Kwa ajili ya binti atanunua risasi zenye vichwa vyepesi na baruti pungufu, mpaka bega lizoee. Fundi alichukua wiki 11, nyingi zikiwa za foleni. Alifungua mtutu wa zamani kwa koleo kubwa la mbao na chuma, akachonga skrubu na chemba ya mtutu mpya, akapima nafasi kati ya komeo na kitako kwa vyuma vya kipimo, maana hapo unene wa karatasi ukizidi ganda linaweza kupasuka usoni mwa mtu. Mwisho akaupiga mtutu chapa ya .308 WIN, kwa herufi zinazosomeka hata gizani kwa kidole. Hilo la chapa alilisisitiza sana. Chuma cha katikati ni kile kile na umbo la bunduki ni lile lile, na mtu atakayeirithi hatakuwa na kitu kingine cha kumwambia ni risasi gani aweke.

Mtutu wa zamani wa .243 fundi hakuutaka. Rafiki yangu ameuchomeka bustanini, na sasa unashikilia mche wa nyanya.